FARASI WA KWANZA: HESABU YA MBELE YA KUNUNUA



Mwanafunzi mumoja alituuliza: « Kama mutu iko na feza, anaweza kununua farasi hapa Lubumbashi? » Wenzake walicheka. Lakini ulizo lake si la kuchekwa. Farasi wako hapa mujini, kwa Cercle hippique. Jibu letu ni hili: kununua kunawezekana, kazi ngumu ni kumufanya aishi.

Kwanza tujue sababu gani bababu zetu hawakuwa na farasi. Haikukuwa kukosa akili. Katika pori la Katanga muko nzi wa tsetse. Akiuma farasi anamutilia ugonjwa wa damu. Nyama anakonda, anakufa. Ngombe pia. Njo maana mizigo ya shaba ilibebwa na watu, ku kichwa na ku mabega, mpaka reli ilipofika Elisabethville mwaka wa 1910.

Kuna ugonjwa wa pili, unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unaletwa na bilulu vidogo kuliko mbu, vinavyouma toka jua kushuka mpaka asubuhi, zaidi wakati wa mvua. Kati ya farasi 10 wasiopigwa sindano, hata 9 wanaweza kufa. Katika Afrika ya Kusini, upande wa Cape, ugonjwa huu uliua farasi karibu 70.000 mwaka wa 1854 na 1855. Punda milia, kama wale wa Parc ya Upemba, wanaubeba bila kuonekana wagonjwa. Basi mwenye farasi anapashwa kumupigisha sindano kila mwaka mbele ya mvua, na kumuingiza ndani kila mangaribi.

Sasa chakula. Farasi mukubwa ana uzito wa kilo 450 ao 500. Kila siku anakula kilo 8 mpaka 10 za majani makavu. Fanyeni hesabu: kwa mwezi ni karibu kilo 270. Maji ni bido mbili za litre 20 kila siku, na siku ya joto ni zaidi. Wakati wa jua moto wa pori unaunguza majani yote. Kwa hiyo majani yanapashwa kukatwa mvua inapokwisha, kuanikwa, na kuwekwa pahali pakavu. Asiyefanya vile mwezi wa 4, mwezi wa 9 atalia.

Mutu atasema: « Nitamupa mahindi, si yako mingi? » Angalisho! Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumu inayoharibu ubongo wa farasi. Anazunguka-zunguka kama kipofu, na kwa siku chache amekufa. Tena farasi hawezi kutapika. Kibaya alichomeza hakirudi.

Kwato zake zinaota kama kucha zetu. Fundi anazikata kila juma la 6 ao la 8. Tena farasi hapendi kukaa peke yake: mumutafutie mwenzake, hata mbuzi.

Siku ya kununua, musiangalie rangi na uzuri wa mukia. Muombe karatasi za sindano. Muone namna anatembea juu ya udongo mugumu. Mwenye kuuza amushike na kumupanda mbele ya macho yenu. Munganga wa nyama amupime na kuangalia meno, ambayo yanaonyesha miaka yake. Huku kwetu tuko na bahati: Universite ya Lubumbashi inafundisha waganga wa nyama.

Mujue tena kwamba farasi anaishi miaka 25 mpaka 30. Ukimununua kijana ukiwa na miaka 18, unaweza kufika 40 naye angali anangojea bido zake mbili. Kitabu cha Mezali kinahesabu kutunza nyama kuwa kazi ya mutu wa haki; hakikusema ni siku ya kazi tu.

Anayetamani farasi ajipime kwanza na mbuzi mumoja ao sungula wawili, mwaka muzima: asubuhi na mangaribi, siku ya Mungu, hata siku za ekzameni. Kama sungula wanalala njaa juu ya mupira wa miguu, farasi asinunuliwe. Kama mwaka unapita nao wanene, basi, yule aliyeuliza ulizo arudi kwetu. Tutafanya naye hesabu ya feza.