Almasi za Saratani

Saratani ni mojawapo ya buruji kumi na mbili ambazo wazee wetu wa falaki walizitaja katika hesabu zao. Katika eneo hilo la mbingu imo nyota hafifu iitwayo 55 Cancri, ambayo mwanga wake hutufikia baada ya safari ya miaka ipatayo 41. Yajulikana kuwa na sayari tano, na miongoni mwake zimo kubwa za jamii ya Mshtarii. Twaona inafaa tuizungumze leo, kwani kisa chake chamhusu kila anayepokea takwimu na kuzifanyia uamuzi.

Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz, wataalamu wa Uswisi, walitangaza sayari kubwa inayoizunguka nyota 51 Pegasi. Tangu hapo wachunguzi wamekuwa wakiuliza ni nyota za namna gani zinazojaliwa sayari kubwa. Ilidhihirika kwamba nyota zenye chuma kingi huzipata mara nyingi zaidi. Ndipo likafuata swali la kaboni na oksijeni.

Swali hilo si dogo. Nyota na sayari zake huzaliwa katika wingu moja la gesi na vumbi. Humo kaboni na oksijeni hushikamana. Oksijeni ikisalia, huungana na vitu vingine ikafanya mawe kama ya Dunia yetu, na maji. Kaboni ikizidi, maji huadimika, na mawe yenyewe huwa ya kaboni. Katika Jua letu, kwa kila atomu 100 za oksijeni ziko takriban 55 za kaboni.

Mwaka 2010 ilichapishwa hesabu iliyoonyesha kwamba 55 Cancri ina kaboni 112 kwa oksijeni 100. Mwaka 2012 wataalamu wengine, wakiegemea hesabu hiyo, walieleza kwamba sayari yake ya ndani kabisa, yenye uzito wa Dunia kama nane, yaweza kuwa na hazina kubwa ya almasi. Habari ikaenea ulimwenguni kote, na neno "yaweza" likapotea njiani.

Mwaka 2013 Johanna Teske wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, pamoja na wenzake, waliirudia kazi ya kupima. Oksijeni ya nyota hujulikana kwa mistari myeusi iliyomo katika mwanga wake, mwanga huo ukitandazwa rangi rangi kama upinde wa mvua. Mmoja wa mistari hiyo ni hafifu, tena umechanganyika na mstari wa nikeli. Na katika nyota yenye madini mengi nikeli huweza kumpotosha mpimaji. Wachunguzi hao hawakutosheka na mstari mmoja, bali walilinganisha kadhaa. Wakapata kaboni 78 kwa oksijeni 100. Oksijeni ndiyo iliyozidi, na hoja ya almasi ikapoteza nguzo yake kuu.

Hatusemi kwamba waliotangulia walidanganya. La hasha! Walieleza wazi njia waliyoifuata, na kwa uwazi huo wengine wakaweza kuwasahihisha bila ya ugomvi. Uchunguzi haujakoma: mwaka 2024 vipimo vya darubini ya James Webb viliashiria kuwa huenda sayari hiyo imezungukwa na hewa yenye gesi za kaboni.

Yatupasa tujifunze. Wakuu wetu wanaoletewa takwimu za samaki, za mavuno au za wanafunzi, wasiulize tu ni ngapi. Waulize pia zimepimwaje, na nani amezipima mara ya pili. Na mtumishi anayerudi na hesabu ndogo kuliko ile iliyokwisha kushangiliwa asionekane msaliti. Huyo ameiokoa serikali isijenge juu ya almasi zisizokuwapo.