Picha "Iliyopasuka": Kasi ya Kuchora, Kasi ya Kuonyesha na Neno Lililopotosha

Mwaka 2019, tulipokuwa Kirolirwe, kijiji kilicho kwenye barabara itokayo Sake kwenda Kitshanga, kijana mmoja mwenye chumba cha michezo ya kompyuta alitujia na malalamiko: "Mwalimu, ekra imepasuka." Tulikikagua kioo, hatukuona ufa wowote. Lakini mchezo wa mpira ulipoanzishwa, na kamera ikaufuata mpira hadi upande wa pili wa uwanja, mlingoti wa goli ulionekana umekatika: sehemu ya juu imebaki nyuma, ya chini imetangulia. Kijana alikuwa amekwisha kuweka akiba ya miezi mitatu ili ashuke Goma kununua kioo kingine cha namna ile ile. Makala hii inadhamiria kueleza kwa nini fedha hizo zingepotea bure, na jinsi neno moja lilivyochangia kumpotosha.

Picha tunayoiona katika mchezo wa kompyuta ni kazi ya mafundi wawili. Wa kwanza ni kadi ya michoro, ambayo huchora picha moja baada ya nyingine na kuziweka katika hifadhi ya muda. Wa pili ni kioo, ambacho huisoma hifadhi hiyo mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Kioo cha kawaida hufanya hivyo mara 60 kwa sekunde, yaani mara moja katika kila milisekunde 16.7, wala hakibadili mwendo wake. Kadi, kinyume chake, haina mwendo maalumu. Uwanja ukiwa mtupu huchora upesi. Wachezaji, vivuli na mashabiki wakijaa, hupunguza kasi. Ikiwa kadi itabadilisha picha wakati kioo kimefika katikati ya usomaji wake, nusu ya juu itakuwa ya picha ya zamani na nusu ya chini ya picha mpya. Hapo ndipo mlingoti hukatika. Jambo hili hutokea kadi ikiwa na kasi kuliko kioo, na hutokea vilevile ikiwa nyuma yake. Kwa hiyo kuiwekea kadi kikomo cha picha 60 kwa sekunde, bila kulandanisha saa hizo mbili, hakuondoi kasoro. Aghalabu huifanya itambae polepole kiooni.

Dawa ya siku nyingi ni ulandanishi wima, ambao katika orodha za mipangilio huandikwa V-Sync. Kadi huamriwa ingoje mpaka kioo kimalize kusoma, ndipo ibadilishe picha. Kasoro huondoka, lakini kungoja kuna gharama zake. Kwanza, kitendo cha kidole huchelewa kidogo kuonekana. Pili, na hili ndilo zito kwa mashine dhaifu, pale ambapo hifadhi ni mbili tu, picha iliyokosa zamu yake kwa milisekunde moja hulazimika kungoja zamu nzima inayofuata. Mashine ambayo ingeweza kuchora picha 45 kwa sekunde hushuka hadi 30. Uwanja ukitulia hupanda tena hadi 60. Mchezaji huona mikwaruzo ya mwendo, akasema sasa mashine "inakwama". Hifadhi ya tatu hupunguza tatizo hili. Tangu mwaka 2013 na 2014, Nvidia na AMD walipotangaza G-Sync na FreeSync, vimekuwapo vioo ambavyo humngoja mchoraji badala ya kungojewa. Vioo hivyo, hata hivyo, si vya chumba kile.

Chumba kile kilitegemea miale ya jua mchana na jenereta usiku, na kadi inayochora bila kikomo hula umeme kwa picha ambazo kioo hakitazionyesha zikiwa nzima. Tulimshauri kijana awashe ulandanishi, apunguze vivuli na idadi ya mashabiki mpaka mashine ifikie 60 bila kuyumba. Na usiku aifunge katika 30, ambapo kila picha huonyeshwa mara mbili kamili. Picha 30 zilizo thabiti hulipendeza jicho kuliko 45 zinazopanda na kushuka. Wachezaji hodari walinung'unika, na kwa haki: ukawiaji wa 30 unahisiwa.

Sasa turudi kwenye neno. Katika Kiswahili cha Kivu, kupasuka hubeba maana mbili: glasi hupasuka, na nguo pia hupasuka, pale ambapo Kiswahili sanifu kingesema imechanika. Waingereza waliiita kasoro hii kwa sitiari ya nguo. Ilipofika kwetu ikavaa kitenzi kimoja cha nguo na glasi, na kwa kuwa kitu kilicho mbele ya macho ni kioo, maana ya glasi ikashinda. Mtu aliyeambiwa kioo chake kimepasuka hatafuti mpangilio, anatafuta kioo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya ofisi ya Jambo mwaka 2004, ulitupatia msamiati wa faili na nyaraka. Michezo, pengine kwa kudhaniwa kuwa ni upuuzi, iliachwa ijitafutie maneno.

Tukisema "picha imechanika" tunakaribia, ingawa kwa hakika hakuna picha iliyochanika. Kuna picha mbili zilizounganishwa vibaya, kama fundi cherehani anapounga vipande viwili vya kitenge na maua yasikutane. Kwa sababu hiyo tunapendekeza istilahi mshono wa picha. Inamwambia mtumiaji kwamba kosa liko katika kuunga, na kwamba kitambaa chenyewe ni kizima.

Tulipoondoka Kirolirwe, kioo kilikuwa kile kile, na sehemu ya akiba ilikuwa imenunua betri. Wachezaji waliendelea kusema "imepasuka", ila mwenye chumba alikuwa akiwajibu: "Hapana, ni mshono."