Waomani wa Zanzibar na Kipimo cha Maendeleo

Katika Unguja ya kabla ya 1964, Mwarabu na Mmanga hawakuwa kitu kimoja. Wa kwanza alizaliwa kisiwani, lugha yake Kiswahili, na huenda alikuwa na shamba la karafuu au kazi ya serikali. Wa pili ni aliyeteremka jahazini karibuni kutoka Oman, fukara, akafungua kiduka shamba au akabeba mizigo bandarini. Wangeweza kuwa wa ukoo mmoja, Alharthi au Albarwani, lakini Mmanga alionekana mtu mkavu, asiyejua mambo ya mjini. Neno ustaarabu limetokana na jina la Waarabu. Hata hivyo aliyetoka Uarabuni moja kwa moja ndiye aliyeambiwa hajastaarabika.

Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliuvunja ulimwengu huo. Maelfu waliuawa au walikimbia. Sultani wa Oman wa wakati huo, Said bin Taimur, aliwapokea wachache tu, hivyo wengi walitawanyika Dubai, Kuwait, Misri na Uingereza, na wengine wakabaki Afrika Mashariki. Mambo yaligeuka 23 Julai 1970, Qaboos alipompindua baba yake, Said, na kuwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Kusema walirudi si sahihi sana, kwani wengi wao hawakuwa wameiona Oman hata siku moja.

Waliyoyakuta yaliwashtua. Nchi nzima ilikuwa na shule tatu za msingi, zote za wavulana, na barabara ya lami isiyozidi kilomita kumi hivi. Milango ya mji wa Muscat ilifungwa usiku, na aliyetembea baada ya hapo alitakiwa abebe taa. Utumwa, ambao Zanzibar ulikuwa umeondolewa kisheria 1897, Oman ulipigwa marufuku 1970. Zanzibar ilikuwa na shule ya serikali ya wasichana tangu 1927. Ndiyo maana wageni hao waliiona Oman kwa macho yale yale ambayo wazee wao walimtazama nayo Mmanga: nchi ya asili, lakini iliyo nyuma.

Tofauti ilidhihirika zaidi kwa wanawake. Binti aliyesoma Unguja, Cairo au London hakuona ajabu kuwa mwalimu, muuguzi au karani, kukaa ofisi moja na wanaume, na kuendesha gari kwenda kazini. Kwa jamaa zake wa miji ya Oman kama Ibra au Nizwa hilo lilikuwa jambo geni, na wapo waliolihesabu kuwa ukosefu wa haya. Serikali changa ilihitaji watu wanaojua kusoma, na Kiingereza chao kiliwafungulia wizara, benki na kampuni ya mafuta. Lakini Kiarabu chao kilikuwa dhaifu. Waliitwa Wazinjibari, na Uarabu wao ukatiliwa shaka na watu ambao wao wenyewe waliwaona washamba. Ni mkasa wenye uchungu: Unguja walikuwa Waarabu, Muscat wakawa Waswahili.

Nyumbani waliendelea na mila za pwani ya Afrika Mashariki. Mtoto alimwamkia mkubwa kwa shikamoo. Asubuhi palikuwa na vitumbua na chai ya maziwa, ingawa mgeni kwanza alikaribishwa kwa kahawa na tende kama ilivyo desturi ya Oman. Kanga hazikutoka katika maisha ya akina mama. Taarabu ilipigwa harusini. Mishkaki ilitoka majumbani ikawa chakula cha barabarani cha Waomani wote, na jina lake ni lile lile.

Wazee wa jamii hii hupenda kusema kwamba Zanzibar ilikuwa mbele, wakitaja umeme, reli ya Bububu na lifti ya jumba la Beit el-Ajaib. Ni kweli, ila ukweli huo ni nusu. Utajiri wa karafuu ulisimama juu ya mgongo wa watumwa na, baadaye, wa vibarua na maskwota, na watoto wa watu hao hawakuzifikia shule kwa wingi sawa na watoto wa Stone Town. Uhamisho huifanya nchi iliyopotea ing’are kuliko ilivyokuwa. Anayepima maendeleo kwa Zanzibar ya ujana wake hana budi kuuliza pia yalikuwa ya nani.

Oman nayo haikungoja. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa 1986 kwa wanaume na wanawake, na mwaka 2003 kila raia aliyetimiza miaka 21, mke kwa mume, alipata haki ya kupiga kura ya kuchagua baraza la Majlis al-Shura. Yaliyokuwa ya Wazinjibari peke yao yakawa ya wote. Wajukuu waliozaliwa Muscat huipima Zanzibar kwa barabara na hospitali za Oman, na kuiona kisiwa kizuri cha kutembelea wakati wa likizo. Bibi huzungumza nao kwa Kiswahili. Wengi humwelewa, na humjibu kwa Kiarabu.