Daftari la hospitali na pampu ya maji: somo kutoka Uvira

Kipindupindu kimewasumbua watu wa Uvira kwa miaka mingi. Kwa nini hakiishi? Watafiti walitafuta jibu kwa kulinganisha madaftari mawili.

La kwanza ni la kituo cha matibabu ya kipindupindu mjini humo, linaloandikwa kila mgonjwa anayelazwa. La pili ni la mtambo wa Regideso, linaloonyesha maji yaliyosambazwa kila siku. Walichunguza miaka ya 2009 hadi 2014, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Maji ya bomba yalipokosekana siku nzima, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa nyakati maji yalipotosha.

Sababu si ngumu kuelewa. Umeme ukikatika, pampu husimama. Mabomba yakikauka, akina mama na watoto huchota maji ziwani au mitoni, na kunawa mikono hupungua.

Jambo hili linawahusu pia wajenzi wa amani. Itifaki ya Pili ya Nyongeza ya mwaka 1977 kwenye Mikataba ya Geneva inakataza kushambulia au kuharibu mitambo ya maji ya kunywa, hata katika vita vya ndani ya nchi. Anayezima pampu hafyatui risasi, lakini watu wataugua.

Kwa hiyo, pande zinapoketi kuzungumza, tuombe mapema: pampu, nyaya za umeme na wafanyakazi wa maji wasiguswe.