Tumbo Limevimba, Ni Karuho? Kweli na Uongo Kuhusu Kansere ya Watoto

Kaa nusu saa kwenye benchi la kituo chochote cha afya kati ya Butembo na Beni. Mtoto amepakatwa, ana uvimbe, na kila aliye karibu ana maelezo yake: shangazi, jirani, hata mwenye pikipiki aliyewaleta. Bila shaka umeshayasikia. Hebu tuyapime.

"Watoto hawapati kansere, huo ni ugonjwa wa wazee." Si kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000, tangu wachanga hadi wenye miaka 19, hupata saratani kila mwaka. Na mara nyingi haina chanzo ambacho mzazi angeweza kukiepuka, kwa hiyo mama asijitafutie kosa.

"Tumbo likivimba ni karuho, kalishwa sumu." Si kweli, na hapa sitalegeza. Tumbo la mtoto huvimba kwa bandama iliyokuzwa na malaria, kwa minyoo, kwa utapiamlo, na mara nyingine kwa uvimbe wa figo uitwao Wilms au kwa limfoma ya Burkitt. Dawa ya kutapisha na kuharisha haiutoi uvimbe. Inamkausha maji mtoto aliyekwisha kudhoofika. Kulikanda tumbo ni hatari zaidi, maana uvimbe wa Wilms unaweza kupasuka na kusambaza ugonjwa tumboni. Ukimwogesha mtoto na mkono ukakuta kitu kigumu upande mmoja, usikibonyezebonyeze. Mpeleke akapigwe ekografi.

"Jicho linalong'aa weupe kwenye picha ni kosa la simu." Si kweli, mpaka daktari wa macho aseme. Kwa mwanga wa flashi, mboni zote mbili kwa kawaida huonekana nyekundu. Moja ikirudisha weupe picha baada ya picha, kama jicho la paka gizani, huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni retinoblastoma, kansere ya jicho la watoto wadogo. Hapa macho ya nyumbani yanastahili heshima: mara nyingi mama au bibi ndiye anayeona kwanza. Akiambiwa "ni kawaida" bila jicho kupimwa, asikubali. Ugonjwa ukikutwa bado umo ndani ya jicho, watoto wengi sana hupona, hata kama jicho lenyewe itabidi liondolewe.

"Miti shamba inaponya kansere." Si kweli kwa namna inavyonywewa, ila usiwacheke wazee. Vinkristini, dawa inayodungwa watoto wenye leukemia, Wilms na Burkitt, ilitolewa katika mmea wa Madagaska wenye maua madogo ya waridi, ule unaopandwa kama pambo mbele ya nyumba. Waganga wa nchi mbalimbali waliutumia kwa kisukari, na watafiti waliofuata habari hiyo katika miaka ya 1950 wakakuta jambo jingine kabisa. Lakini majani mengi mno hutoa dawa kidogo mno, na kipimo kikizidi kidogo ni sumu. Bibi alisema kweli kwamba msitu una dawa. Sufuria ndiyo isiyojua kipimo.

"Haiponi, tusiuze shamba bure." Si kweli, na uongo huu ndio unaoniuma kuliko yote. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 kwa kila 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30, na ugonjwa ni uleule. Wala ushahidi hautoki mbali. Mwaka 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya alioukuta kwa watoto wa Uganda. Miaka michache baadaye baadhi yao walikuwa wakipona kwa dawa tu, na mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa palepale Mulago. Ila uvimbe huo, ndio limfoma ya Burkitt, hausubiri: unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Meno yanalegea, jino linang'olewa, linang'olewa la pili, na wiki zinakwisha.

Basi wazazi ndio wanaochelewesha? Nusu kweli, na hiyo nusu ni ndogo. Wengi wamefika kituoni mapema, wakapewa dawa za malaria mara mbili, mara tatu. Halafu inabaki safari ya kufuata tiba. Kinshasa ni ndege. Kampala ni Beni, Kasindi, mpaka wa Mpondwe, Kasese, na bado; na katika barabara za upande wa Beni watu wameviziwa na kuuawa. Matibabu huchukua miezi. Mama ana watoto wengine nyumbani, fedha ya chumba na chakula inakwisha, anarudi na mtoto aliyeanza kupata nafuu.

"Tiba kubwa haiwezi kufika huku kwetu." Si kweli, na Beni yenyewe ni shahidi. Ebola ya Agosti 2018 hadi Juni 2020 iliua zaidi ya watu 2,200. Katikati ya risasi na misiba, maabara ziliwekwa Beni na Butembo. Novemba 2018 likaanza jaribio la dawa lililoitwa PALM, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa miongoni mwa viongozi wake, na wagonjwa walitibiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kufikia Agosti 2019 dawa mbili zilikuwa zimeonekana kuokoa watu wengi kuliko nyingine, na leo dunia inazitumia. Kwa limfoma ya Burkitt orodha ya kuanzia ni fupi kuliko ya Ebola: mtu wa kusoma kipande cha uvimbe kwa hadubini, dawa ya siklofosfamidi isiyokatika, damu salama, muuguzi aliyefunzwa, na nauli ya mama.