Majani Yaijengayo Mifupa

Mifupa ni nguzo za mwili. Nyumba yenye nguzo dhaifu hupinda, na mtoto mwenye mifupa laini hupata matege: miguu yake hupinda, wala hawezi kukimbia na wenzake.

Kiupacho mfupa ugumu ni madini, hasa ya chokaa, yaitwayo kalsiamu. Mwili hauwezi kujitengenezea chokaa. Huipata katika chakula. Jua likiipiga ngozi, mwili hupata vitamini D, ambayo huusaidia kuipokea chokaa hiyo. Lakini jua peke yake halitoshi. Mwaka 1999 madaktari waliotibu watoto wenye matege nchini Nigeria, nchi yenye jua jingi, walieleza waliyoyaona: watoto waliopewa chokaa walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Chakula chao kilikuwa na chokaa haba.

Huko Kibondo na Kasulu pia jua si haba. Wenyeji hulima mahindi, maharage, mihogo na migomba. Ugali huwatia nguvu, lakini chokaa yake ni kidogo. Je, mboga za majani zaweza kuiongeza?

Wataalamu wa Marekani walilipima jambo hili. Waliotesha mboga kwa njia maalumu, hata chokaa yake ikaweza kutambulikana katika damu ya mlaji. Mwaka 1988 walipima spinachi, mboga ya jamii moja na mchicha. Katika kila mafungu 100 ya chokaa yake, mwili ulipokea 5 tu, kwa sababu majani hayo yana asidi iishikayo chokaa isiachiliwe. Mchicha nao una asidi hiyo. Mwaka 1990 walipima majani yaliyo ndugu wa sukuma wiki. Mwili ulipokea mafungu 40 hivi, wala hayakushindwa na maziwa.

Basi mchicha usitupwe, maana una faida nyingine. Lakini apandaye mchicha na apande sukuma wiki kando yake. Apatapo maziwa, au dagaa wa Ziwa Tanganyika waliwao pamoja na mifupa yao, asiviache.

Tena, majani ni chakula, si dawa ya matege. Mtoto ambaye miguu yake imeanza kupinda apelekwe hospitali mapema, kwa kuwa mifupa michanga huweza kunyoka ikitibiwa kwa wakati wake.