Kulala Nangani Wakati wa Kusi

Wateja wanaokodi mashua ya tanga kwa safari ya kulala baharini huuliza bei, chakula na magodoro. Wachache huuliza urefu wa amari. Hata hivyo, katika miezi ya Juni na Julai, kusi inapovuma kwa nguvu, usingizi na usalama wa abiria hutegemea amari hiyo kuliko godoro lolote.

Nanga haizuii chombo kwa uzito wake pekee. Hushika kwa kucha zake, nazo hujichimbia mchangani ikiwa tu mvuto unapita chini, karibu sambamba na sakafu ya bahari. Amari fupi huivuta nanga kwenda juu na kuing'oa, na kila wimbi hukishtua chombo kwa kishindo. Katika upepo mkali yafaa amari itolewe mara saba ya kina, nacho kipimwe kutoka omo, kwa maji yaliyojaa. Hapa ndipo wengi hukosea. Chombo kikitia nanga maji yakiwa yamekupwa, penye kina cha mita 5, nahodha akatoa mita 35, hesabu yaonekana kutimia. Lakini wakati wa bamvua maji ya Unguja na Dar es Salaam hupanda takriban mita 4. Ukiongeza mita 1 ya kimo cha omo, muda wa saa 6 baadaye kina ni mita 10, na amari ile ile ni mara tatu na nusu tu. Zilihitajika mita 70.

Mita kadhaa za mnyororo kati ya nanga na kamba husaidia mno: uzito wake huulaza mvuto chini, na kamba ya nailoni, kwa kuwa hunyumbuka, humeza mishtuko. Amari ndefu nayo yataka nafasi ya chombo kuzunguka bila kugonga jirani. Foromali iteremshwe, kwani ikibaki juu hukamata upepo na kukiyumbisha chombo usiku kucha. Pa kutia nanga pawe mchanga au tope; matumbawe hunasa nanga na kukata kamba, nayo yenyewe huvunjika.

Kabla ya kulipa, tunawashauri mwombe kuonyeshwa amari na nanga ya akiba, na muulize ni nani atakayekesha zamu. Mkiwa nangani, chagueni ubavuni taa mbili za nchi kavu zilizolingana, moja nyuma ya nyingine. Chombo kikiyumba zitaachana na kurudiana. Zikiachana zisirudiane, nanga inaburuzwa, na nahodha aamshwe mara moja.